UZI: Kunyoosha majina ya ndago – visawe, homonimu na mitego ya Kyllinga, Carex na Scirpus

Kokwa_Tatu | #1

Wakuu, uzi huu ni wa yeyote anayeshika orodha yenye ndago ndani yake, iwe ya hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), ya viwanja vya sampuli au ya magugu. Familia ya ndago, Cyperaceae, ina spishi zaidi ya 5,500, na majina yake yamehamahama sana. Mwaka 2014 jenasi za Ascolepis, Kyllinga na Pycreus ziliingizwa Cyperus. Mwaka 2015 Kobresia, Schoenoxiphium, Uncinia na Cymophyllus zikaingizwa Carex. Scirpus imekwenda kinyume: imemegwa kidogo kidogo, na vipande vyake leo ni Schoenoplectus, Schoenoplectiella, Bolboschoenus, Isolepis, Trichophorum, Actinoscirpus na vingine.

Kosa la kwanza ni hili. Mtu akisikia Kyllinga imeingia Cyperus, anafungua lahajedwali, anabadilisha neno Kyllinga kuwa Cyperus kwa amri moja, anageuza -a ya mwisho kuwa -us, anafunga faili. Kyllinga brevifolia Rottb. (kifupi cha mwisho ni cha mwandishi aliyelichapisha jina) inakuwa Cyperus brevifolius: sawa. Kyllinga erecta Schumach. inakuwa Cyperus erectus: sawa. Halafu Kyllinga odorata Vahl inakuwa Cyperus odoratus, na hapo ameharibu data bila programu yoyote kumshtua, kwa sababu Cyperus odoratus L. ipo kweli. Linnaeus aliipa jina hilo mwaka 1753, na ni mmea mwingine kabisa.

Kanuni ya Kimataifa ya majina ya mimea, kifungu cha 53.1, hairuhusu jina lilelile kupewa mmea mwingine wenye taipu nyingine, yaani sampuli rasmi ambayo jina linasimama juu yake. Jina la namna hiyo ndilo homonimu. Kwa hiyo mmea wa Vahl ulipoingia Cyperus haukuweza kubeba neno odoratus. Likachukuliwa neno lililokuwa huru, kutoka Kyllinga sesquiflora Torr., na jina linalokubalika leo ni Cyperus sesquiflorus (Torr.) Mattf. & Kük.

Siyo mmoja peke yake. Kyllinga pumila Michx. ni Cyperus tenuifolius (Steud.) Dandy, maana Cyperus pumilus L. imeshakaliwa na mmea uliokuwa ukiitwa Pycreus pumilus. Kyllinga nemoralis ni Cyperus mindorensis (Steud.) Huygh. Ukibuni jina kwa kufuata mantiki ya lugha, utapata ama jina la mmea mwingine ama jina ambalo halijawahi kuchapishwa popote.

Lete swali lenye mfano, tulichambue.

DataSafi | #2

Mkuu asante kwa kuanzisha. Wengi wetu tunatoka upande wa data, si upande wa lenzi. Orodha ina mistari elfu kadhaa, majina yamechanganyika: mengine yana mwandishi, mengine hayana, kuna "cf.", kuna "sp. A", kuna herufi zilizovunjika. Tuanzie wapi na tuende kwa mpangilio gani?

Kokwa_Tatu | #3

Kabla ya yote, safu ya jina kama lilivyoandikwa usiiguse. Iache na makosa yake yote, hata nafasi mbili katikati ya maneno. Katika Darwin Core, mfumo wa kupanga data za viumbe, safu hiyo ni *verbatimIdentification*. Kazi yote fanya kwenye safu mpya pembeni. Ukishafuta jina la asili huna tena njia ya kujua kama "Cyperus odoratus" kwenye mstari wa 812 iliandikwa hivyo na mkusanyaji au ilizaliwa na amri ya kubadilisha.

Baada ya hapo safisha herufi. Hakikisha faili ni UTF-8, la sivyo "Kük." itageuka "KÃ¼k." na ulinganishaji wa waandishi utafeli wote. Ondoa nafasi isiyokatika (U+00A0), ambayo kwa macho huioni lakini kwa programu ni herufi nyingine. Alama ya chotara ni × (U+00D7), siyo herufi x. Alama za mashaka kama "cf." na "aff." zihamishie safu ya *identificationQualifier*, usizitupe, kwa sababu "Cyperus cf. rotundus" si rekodi ya Cyperus rotundus.

Kisha changua jina: jenasi, neno la spishi, ngazi ya chini kama ipo (subsp., var.), neno la ngazi hiyo, waandishi. Programu ya Gnparser inafanya hivyo vizuri kwa maelfu ya majina ndani ya sekunde chache.

Ndipo uende kulinganisha, kwa raundi tatu. Raundi ya kwanza jina kamili pamoja na mwandishi. Raundi ya pili, kwa yaliyobaki, jina bila mwandishi, lakini pale tu ambapo hifadhidata ina jina moja tu la maandishi hayo. Yakitokea mawili au zaidi, simama na uamue kwa mkono. Raundi ya tatu ulinganishaji wa kukadiria, na matokeo yake yasipite hata moja bila kusomwa na mtu.

Suke_Kavu | #4

Nikazie hiyo raundi ya tatu. Watu huweka kikomo cha tofauti ya herufi moja wakidhani ni salama. Kwa ndago si salama. Carex panicea L. na Carex punicea K.A.Ford zinatofautiana herufi moja tu, na zote ni spishi halali. Ya kwanza inajulikana sana Ulaya, ya pili ni ya New Zealand, ni ile iliyokuwa Uncinia rubra. Kabla Uncinia haijaingia Carex mtego huo haukuwepo, kwa hiyo hati za zamani za kusafisha majina hazikuutarajia.

Ukiruhusu tofauti ya herufi mbili unaunganisha Carex flacca Schreb. na Carex flava L. Halafu kuna Cyperus cyperoides (L.) Kuntze, Cyperus cyperinus (Retz.) J.V.Suringar, na Scirpus cyperinus (L.) Kunth. Hizo ni spishi tatu, na ya tatu haiko hata kwenye jenasi moja na mbili za kwanza. Data ikisema "S. cyperinus" na mtu akaitanua kuwa Cyperus kwa kubahatisha, basi tena.

DataSafi | #5

Hapo tuko pamoja. Sasa hifadhidata ipi? Ukitafuta jina moja IPNI, Tropicos, POWO, WFO na GBIF unaweza kupata majibu matano.

Mwanahebaria | #6

Majibu yanakuwa matano kwa sababu maswali si yaleyale, ndugu.

IPNI inajibu swali la uchapishaji: jina hili lilichapishwa na nani, wapi, mwaka gani, na jina lake la msingi (la kwanza, ambalo hilo limetokana nalo) ni lipi. Haikuambii kama linakubalika. Mtu anayesema "nimelikuta IPNI kwa hiyo ni jina sahihi" amekosea kisima. Hata majina haramu yamo humo, na yanatakiwa yawemo.

POWO, pamoja na orodha yake ya WCVP inayotunzwa na bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, inajibu swali la uainishaji: kwa maoni ya wahariri leo, jina hili ni la spishi ipi. WFO inajibu swali hilohilo kwa utaratibu wake, na hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. The Plant List, orodha ya zamani ya majina ya mimea, ilisimama mwaka 2013. Ukiona ripoti mpya bado inaitumia, ujue Kyllinga na Kobresia zote zimebaki zilivyokuwa.

GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya rekodi za viumbe, inafaa kwa kazi ya haraka, ila soma safu ya *matchType*. EXACT ni sawa. FUZZY kaisome mwenyewe. HIGHERRANK maana yake jina halikupatikana, imekurudishia jenasi au familia tu. Mistari mingi ya HIGHERRANK hupita kimyakimya na kuhesabiwa kama "Carex" isiyo na spishi.

Ushauri wangu: chagua uti wa mgongo mmoja, yaani orodha moja ya rejea, kwa mradi mzima, andika toleo lake na tarehe, na usichanganye. Nusu ya orodha ikifuata WFO na nusu POWO, spishi moja inaweza kutokea mara mbili kwa majina mawili yote "yanayokubalika".

Kokwa_Tatu | #7

Kuhusu kupakua WCVP: faili la majina lina kiendelezi cha csv lakini linatenganishwa kwa mstari wima |, siyo kwa mkato. Ukilifungua kwa mipangilio ya kawaida kila kitu kinaingia safu moja. Zima pia utambuzi wa alama za nukuu, vinginevyo alama moja isiyofungwa inameza maelfu ya mistari na hupati onyo lolote.

Safu za kuangalia ni *taxon_status*, *accepted_plant_name_id* na *basionym_plant_name_id*. Hali ya jina si "linakubalika" au "kisawe" tu. Kuna Illegitimate, yaani lilichapishwa lakini linavunja kanuni. Invalid, halikutimiza masharti ya kuchapishwa. Misapplied, limetumika kwa mmea usio wake. Orthographic, tofauti ya tahajia. Na Unplaced, halijulikani liwekwe wapi. Hizi mbili, Misapplied na Unplaced, usizilazimishe kwenda kwenye jina lolote kwa mashine. Zipelekwe kwa mtu mwenye sampuli.

Carexa | #8

Naomba tufafanue kisawe chenyewe, kwa sababu neno hilo linabeba vitu viwili vyenye nguvu tofauti.

Kuna visawe vya taipu moja, vinavyoandikwa kwa alama ≡. Hapa majina yote yanasimama juu ya sampuli moja ileile, kilichobadilika ni jenasi au ngazi. Carex myosuroides Vill. ilipopelekwa Kobresia ikawa Kobresia myosuroides (Vill.) Fiori. Kobresia ilipoingizwa Carex, jina likarudi lilipotoka: Carex myosuroides Vill. Angalia mabano. Villars yumo ndani ya mabano pale tu spishi yake ikiwa kwenye jenasi ya mtu mwingine. Ikirudi nyumbani mabano yanaondoka na Fiori anatoka. Ukikuta "Carex myosuroides (Vill.) Fiori" ujue mtu amebadilisha jenasi akasahau waandishi.

Na kuna visawe vya taipu tofauti, vinavyoandikwa kwa =. Hapa sampuli ni mbili, na mtaalamu amezitazama akasema ni spishi moja. Hilo ni hoja, linaweza kupingwa kesho. Mfano wa mkuu Kokwa_Tatu ni wa aina hii. Kyllinga odorata ina taipu ya Vahl, Cyperus sesquiflorus inasimama juu ya taipu ya Torrey. Zinahesabiwa moja, lakini siku mtaalamu akizitenganisha, jina sesquiflorus litabaki na mmea wa Torrey, na mmea wa Vahl utahitaji jina jingine ndani ya Cyperus. Ndiyo maana rekodi iliyoandikwa "Kyllinga odorata" haina budi kuhifadhiwa hivyo kwenye safu ya asili.

Linganisha na Kobresia pygmaea (C.B.Clarke) C.B.Clarke, mmea maarufu wa malisho ya nyanda za juu za Tibet. Ndani ya Carex neno pygmaea lilikuwa limeshatumika, kuna Carex pygmaea Boeckeler. Likatungwa jina mbadala, Carex parvula O.Yano. Maneno hayafanani hata kidogo, lakini taipu ni ileile, kwa hiyo ni ≡. Programu zinazotafuta visawe kwa kufananisha neno la spishi haziwezi kuligundua hili. Fuata kitambulisho, usifuate sura ya neno.

DataSafi | #9

Hili la mabano limenifungua macho. Swali: nina Cyperus brevifolius (Rottb.) Hassk. na Cyperus brevifolius (Rottb.) Endl. ex Hassk. Ni homonimu?

Carexa | #10

Hapana. Ni jina moja, taipu moja. Wametofautiana tu namna ya kumtaja aliyechapisha. Unganisha. Homonimu ni pale mwandishi wa msingi anapokuwa mwingine na taipu nyingine.

Ila usione kila tofauti ya mwandishi ni ndogo kama hiyo. Chukua jenasi Mariscus. Mariscus ya Vahl ndiyo iliyoingia Cyperus. Lakini waandishi wengine walilitumia jina Mariscus kwa mimea ya Cladium. Mariscus jamaicensis (Crantz) Britton si Cyperus, ni Cladium jamaicense Crantz. Ukisema "Mariscus yote iende Cyperus" umehamisha mmea mkubwa wa vinamasi, wenye majani ya misumeno, kwenda jenasi isiyo yake. Angalia na jinsia pia: Cladium haina jinsia ya kike wala ya kiume kwa Kilatini, kwa hiyo neno linaishia -e, jamaicense.

Kwa haraka: Cyperus, Scirpus, Pycreus na Schoenoplectus ni za kiume, Carex, Kyllinga, Eleocharis, Fimbristylis, Isolepis na Schoenoplectiella ni za kike, Cladium, Eriophorum na Trichophorum ni za kati. Scirpus mucronatus L. ikihamia Schoenoplectiella inakuwa mucronata. Kifungu cha 23.5 ndicho kinachodai hivyo, na kosa la mwisho wa neno halilifanyi jina kuwa jina jipya.

Suke_Kavu | #11

Kuna kundi la majina ambayo hayatatuliwi na hifadhidata yoyote, na ndiyo yanayoharibu tafiti za magugu. Fimbristylis miliacea (L.) Vahl. Maandiko mengi ya magugu ya mpunga yalilitumia yakimaanisha Fimbristylis littoralis Gaudich. Lakini taipu ya Scirpus miliaceus L., jina la msingi, ilielekeza kwenye Fimbristylis quinquangularis (Vahl) Kunth. Jina moja, mimea miwili, kutegemea nani ameandika. Mkanganyiko ukawa mkubwa hadi jina la Linnaeus likakataliwa rasmi.

Sasa rekodi ya "F. miliacea" bila sampuli uifanye nini? Ukifuata mashine itakupeleka upande mmoja. Mimi nasema iache kwenye ngazi ya jenasi na maelezo pembeni, au iandike littoralis ikiwa tu chanzo kina mchoro au maelezo ya kutosha kuthibitisha.

Scirpus maritimus L. ni hadithi ileile. Kwa kanuni inakwenda Bolboschoenus maritimus (L.) Palla bila ubishi. Kwa mmea wenyewe, rekodi za zamani zinaweza kuwa B. maritimus, B. planiculmis, B. glaucus, B. yagara, au B. laticarpus iliyoelezwa mwaka 2004 tu. Kinachozitenganisha ni kokwa (tunda dogo kavu lenye mbegu moja) iliyokomaa: umbo lake ukiikata kwa upana, na unene wa tabaka lake la nje. Sampuli isiyo na kokwa zilizokomaa andika "Bolboschoenus maritimus kwa maana pana" na uishie hapo.

Jani_Kavu | #12

Wadau, mimi bado naona Kyllinga ni jenasi nzuri. Kichwa chake cha maua kinajulikana hata ukiwa umesimama. Kwa nini tuilazimishe Cyperus?

Kokwa_Tatu | #13

Mkuu, hujavunja kanuni ukiendelea kuitumia. Kanuni ya majina haiamui mipaka ya jenasi. Inasema tu ukishachora mpaka wako, jina sahihi ndani yake ni lipi. Kyllinga brevifolia Rottb. na Cyperus brevifolius yote yamechapishwa halali.

Sababu ya kuunganisha ni nasaba. DNA ilionyesha Kyllinga, Pycreus na Ascolepis zimechipuka ndani ya kundi la Cyperus wanaotumia usanisinuru wa C4 (njia mojawapo ya mimea kutengeneza chakula kwa mwanga). Ukiziweka nje, Cyperus inakuwa ukoo ambao babu yumo lakini baadhi ya wajukuu wamefukuzwa. Njia nyingine ingekuwa kuipasua Cyperus vipande vingi na kubadilisha majina ya mamia ya spishi. Waliochagua kuunganisha walichagua mabadiliko machache.

Ukitaka kubaki na Kyllinga, andika wazi unafuata uainishaji upi kwenye safu ya *nameAccordingTo*, na ubaki nayo kwenye orodha yote. Kinachoumiza ni orodha yenye Kyllinga erecta na Cyperus brevifolius pamoja.

Mwanahebaria | #14

Na hicho kichwa unachokipenda hakijapotea, mkuu, kinabaki kuwa kipimo cha kukagua majina. Jenasi za zamani zilisimama juu ya kokwa, na kokwa ndiyo njia ya kujua kama jina limeharibika njiani.

Chukua vishuke (visuke vidogo vya maua) viwili au vitatu kutoka kwenye bahasha ya vipande, usivichume kwenye mmea uliobandikwa. Viweke kwenye maji ya moto yenye tone la sabuni kwa dakika chache hadi vilainike. Fungua kigamba kimoja chini ya lenzi ya 10x hadi 20x. Stigma (ncha za ua zinazopokea chavua) tatu na kokwa ya pembe tatu: Cyperus ya kawaida. Stigma mbili na kokwa iliyobanwa ubavuni, ukingo wake ukitazama mhimili wa kishuke: Pycreus au Kyllinga ya zamani. Kishuke kizima kikidondoka pamoja, na vimesongamana kwenye kichwa kimoja hadi vitatu: Kyllinga. Stigma mbili lakini kokwa imebanwa kwa mbele, bapa lake likiegemea mhimili: zile zilizoitwa Juncellus, kama Cyperus laevigatus L.

Kwa hiyo ukikuta sampuli ya "Cyperus odoratus" yenye stigma mbili na kichwa kilichosongamana, umempata mwathirika wa amri ya kubadilisha. C. odoratus ya kweli ina kokwa ya pembe tatu, na kishuke chake hukatika vipande vipande kwenye vifundo.

Baada ya kuamua, weka lebo mpya ya utambuzi yenye jina kamili, mwandishi, jina lako na tarehe. Lebo ya zamani usiitoe wala kuikata kwa kalamu.

DataSafi | #15

Nimeelewa. La mwisho: baada ya kutatua majina, viwanja vingine vimepata spishi moja mara mbili, mfano Kyllinga brevifolia imefunika asilimia 5 ya eneo na Cyperus brevifolius asilimia 10 kwenye kiwanja kimoja. Nijumlishe?

Kokwa_Tatu | #16

Usijumlishe kabla hujajua kwa nini ziko mbili. Kama ni watu wawili wamepima eneo lilelile kila mmoja na kitabu chake, hiyo ni rekodi moja iliyopimwa mara mbili, na 15 itakuwa uongo. Kama ni mtu mmoja, siku moja, kwenye fomu moja, basi aliona mimea miwili aliyodhani ni tofauti, na huenda mmoja wao si brevifolius kabisa. Hapo tafuta sampuli ya marejeo. Isipokuwepo, weka alama kwenye mistari yote miwili na uitoe kwenye hesabu ya asilimia, ila iache kwenye hesabu ya kuwepo kwa spishi.

Hesabu ya spishi kwa kila kiwanja ifanye upya baada ya kuunganisha, siyo kabla. Na unapolinganisha na ripoti ya zamani, pitisha na orodha yake kwenye toleo lilelile la WCVP kwanza. Vinginevyo utaona spishi "zimepungua" mahali ambapo kilichopungua ni majina.